Tai za Gikomba na hifadhidata yangu

Nimekuwa kimya hapa kwa muda. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhifadhi nakala za data, na itakuja, msinipigie kelele. Leo naandika kuhusu tai.

Siyo ndege. Nasema mapema kwa sababu ukitafuta "tai" kwenye intaneti unaletewa ndege mwenye mdomo uliopinda, na hata simu yangu hunipendekezea picha za mbugani. Mimi nazungumzia tai ya shingoni, tena kuukuu, za mitumba. Ninazo 214. Ndiyo, nimezihesabu, na ndiyo, ziko kwenye hifadhidata. Mngetarajia nini?

Kazini sivai tai. Waandishi wa programu ninaowajua huvaa fulana na viatu vya raba, na siku ukitokea na tai wenzako wanakuuliza unaenda usaili wapi. Lakini hadithi yenyewe ilianza na usaili.

Mwaka 2009 niliitwa kwa kazi yangu ya kwanza, na jana yake nikaenda Gikomba kutafuta tai. Nilimpata mzee mmoja aliyekuwa amezitundika kwenye kamba, nyingi kama vitambaa vya harusi. Nikachagua ya buluu, bob hamsini. Nikamwambia kwa aibu kwamba sijui kuifunga. Hakucheka. Akaivaa yeye mwenyewe, akaifunga, akailegeza, akanivisha kichwani.

"Usiifungue, kijana. Ukitoka huko vuta hapa, itoe kichwani, tundika. Ukiifungua shauri yako."

Ushauri huo niliutambua. Ndivyo baba yangu alivyofanya. Alikuwa karani wa reli pale Voi, na tai yake ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango ikiwa na fundo tayari. Asubuhi anaipitisha kichwani, anaivuta, anaenda. Alifariki mwaka 1998 nikiwa na miaka 12. Nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama inavyofanywa, na mimi sikuomba kitu. Mtoto wa miaka 12 aombe tai ya nini?

Kazi niliipata. Nikarudi kwa yule mzee kumshukuru, nikanunua nyingine. Kisha nyingine. Mwaka wa pili nilikuwa na arobaini, na mke wangu (wakati huo bado mchumba) akaanza kuuliza maswali.

Nitawaeleza kinachonivuta, maana watu hudhani ni rangi. Kinachonivuta ni kwamba tai kuukuu ni kama faili isiyo na tarehe, na tarehe unaweza kuipata ukijua pa kuangalia.

Anza na upana. Tai za miaka ya 1940 zilikuwa pana na zenye michoro ya kupiga kelele. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 zimekonda hadi inchi mbili, hata chini ya hapo. Halafu mwaka 1966 mbunifu wa London aitwaye Michael Fish akatoa tai pana kupindukia, na miaka ya 1970 ikawa ya tai za inchi nne na tano. Miaka ya 1980 zikakonda tena, miaka ya 1990 zikanenepa. Kwa hiyo upana peke yake utakudanganya: inchi nne inaweza kuwa 1945, 1973 au 1995. Unahitaji ushahidi wa pili.

Ushahidi wa pili ni lebo. Marekani ilipitisha sheria ya kutaja aina ya nyuzi mwaka 1958 na ikaanza kutumika 1960, kwa hiyo tai ya Marekani iliyoandikwa asilimia za nyuzi kuna uwezekano mkubwa ni ya baada ya hapo. Ikiwa na maelezo ya kufua, sogea mbele zaidi, maana kanuni hiyo ilianza 1972. Ninayo moja iliyotengenezwa Ujerumani Magharibi, nchi iliyokoma tarehe 3 Oktoba 1990. Niliilipia bob thelathini. Nchi nzima imekufa, lebo yake iko Gikomba.

Halafu kuna ndani. Geuza tai iliyoshonwa vizuri, chungulia chini, utaona uzi mmoja mlegevu wenye kitanzi mwishoni. Uzi huo unapita katikati yote bila kukazwa, ndiyo maana tai inavutika shingoni kisha inarudi umbo lake. Usiukate! Niliukata wa tai ya tatu nikidhani ni uzi uliofumuka, na tai ikajikunja kama jani la mgomba kwenye jua. Kitambaa chenyewe hukatwa mshazari, na mtindo wa kukikata hivyo vipande vitatu ulipewa hataza Marekani miaka ya 1920 kwa jina la Jesse Langsdorf wa New York. Kabla ya hapo tai zilikuwa zinapinda na kuchakaa upesi.

Na mistari! Hii niliipenda sana. Tai za vikosi na vyuo vya Uingereza mistari yake hushuka kutoka bega la kushoto la mvaaji kwenda kulia. Wamarekani wa Brooks Brothers waligeuza, yao inashuka kutoka bega la kulia. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni biti moja safi, sifuri au moja. Nikaongeza safu kwenye jedwali siku hiyo hiyo.

Kujua hariri kuna njia ya moto. Ukichoma uzi mmoja wa hariri unanuka kama nywele zilizoungua na unabaki jivu la kusagika, lakini poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Nilisoma hivyo, nikaenda kwa mzee na kiberiti mfukoni kumwonyesha ujuzi wangu. Nilipokitoa alinishika mkono kabla sijakifungua.

"Hapa hakuna mtu anawasha moto karibu na mzigo. Weka hiyo kitu."

Hakuwa anatania. Gikomba imeungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Moto wa usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Yeye wakati huo alipoteza mzigo wote, akaanza tena na tai za kubeba begani akitembea nazo kati ya vibanda. Kiberiti nilikiacha kwenye takataka nilipotoka. Sasa nachoma uzi nyumbani, kwenye sinki.

Mzee naye ana njia yake. Anashika tai kwa vidole viwili akiwa anaongea na mtu mwingine, anasema "hariri" au "plastiki", na hakosei. Bei zake zinafuata vidole hivyo. Mwaka 2020, uagizaji wa mitumba ulipopigwa marufuku kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, alinipigia simu kuniuliza kama nataka kumwuzia baadhi ya zile nilizonunua kwake. Nilimrudishia ishirini. Sikumdai. Na Novemba 2023 Spika wa Bunge alipokataza Kaunda suti bungeni na kusema mwanamume aje na koti na tai, mzee alifurahi wiki nzima akisubiri wabunge. Hakuna mbunge aliyekuja.

Turudi kwenye hifadhidata. Ni SQLite, jedwali moja, na programu ndogo ya Python inayokadiria muongo kutokana na upana, lebo, kitambaa na bitana. Hukosea kama tai moja kati ya sita. Kuna pia safu ya fundo, na hapo nilipotea majuma mawili matamu. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walionyesha kwamba kufunga tai ni mwendo kati ya sehemu tatu: kushoto, kulia na katikati. Hurudii sehemu moja mara mbili mfululizo, unapishanisha kwenda mbele na nyuma, na ukikomea hatua tisa unapata mafundo 85, hayazidi hayapungui. Fundo la kawaida, lile Waingereza huliita four-in-hand, lina hatua nne. Windsor ina nane. Niliandika mistari arobaini ya Python nikaziacha zihesabu: hatua tatu fundo moja, hatua nne moja, kisha 3, 5, 11, 21, 43. Jumlisha mwenyewe. Baadaye wanahisabati wengine walilegeza masharti, wakachapisha mwaka 2015 kwamba yako 266,682. Mimi najua kufunga mawili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sebuleni kwa mama, Voi, kuna picha ya baba ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye fremu. Amesimama na shati jeupe, mikono nyuma, na tai pana ya mistari. Nilikua nikiiona picha hiyo kila siku. Na ukiniuliza tai ya baba ilikuwaje, nitakwambia bila kusita: pana, ya mistari, rangi ya kahawia. Naiona kwenye msumari nyuma ya mlango.

Sijui lini nilianza kuitafuta. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Alikuwa anapanga zile zilizotundikwa mlangoni akauliza, "Mbona nyingi ni za kahawia?" Nikaenda kuangalia. Kati ya 214, tai 61 ni za kahawia, na 40 kati ya hizo ni za mistari. Hakuna mtu hukusanya hivyo kwa bahati.

Basi Desemba 2023 niliipiga ile picha kwa simu bila kuitoa kwenye fremu, nikarudi Nairobi nikaifungua kwenye kompyuta. Kwanza nikahakikisha haikuchapishwa kinyume, maana negativu ikigeuzwa mistari nayo inageuka. Mfuko wa shati uko kifuani upande wake wa kushoto, panapostahili. Mfuko una kifungo. Kifungo cha shati la kawaida ni kama milimita 11, na kwenye skrini kilikuwa pikseli 46. Tai palipo pana ilikuwa pikseli 430. Ukipiga hesabu unapata sentimita kumi na kidogo, inchi nne. Mistari inashuka kutoka bega la kushoto: Uingereza, au fundi aliyeiga Uingereza. Nikaiuliza hifadhidata iniletee za mistari ya upande huo, milimita 98 hadi 107, miaka ya 1970.

Zikaja tatu. Namba 31, 88 na 140.

Nitasema ukweli, sikulala vizuri usiku ule. Nilijua hakuna njia ya kuthibitisha kwamba mojawapo ilikuwa shingoni mwa baba, na mitumba inatoka Ulaya na Marekani, haitoki Voi. Nilichotaka ni pacha wake. Nilitaka mama aishike aseme, "Ilikuwa kama hii."

Agosti 2024 nikapanda treni ya SGR hadi Voi, tai tatu zimeviringishwa ndani ya soksi safi (msizikunje kamwe). Baada ya chai nikazipanga mezani mbele ya mama.

"Hizi za nani?"

"Mama, ipi inafanana na ya baba? Ile ya kwenye picha."

Akaniangalia, akaangalia picha ukutani, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, ile tai si ya baba yako. Ni ya mpiga picha."

Akaishusha fremu, akafungua nyuma kwa kisu cha jikoni. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio ya Mombasa na mwaka kwa kalamu: 1974. Mwaka niliotafuta kwa pikseli na vifungo ulikuwa umeandikwa nyuma wakati wote huo. Mama akanieleza kwamba tai hiyo ilitundikwa kwenye msumari pale studio, pamoja na koti moja na saa moja isiyotembea, na kila mwanamume aliyeingia alivaa alichotaka. "Hata mjomba wako anayo picha." Akaleta albamu. Kweli, mjomba, mwaka uleule, tai ileile, hata mkunjo mdogo chini ya fundo ni uleule. Kurasa mbili mbele, bwana mmoja nisiyemjua, tai ileile.

Na kahawia? Picha ni nyeusi na nyeupe. Kahawia niliitoa wapi? Na ile niliyoiona kwenye msumari nyuma ya mlango? Nilikuwa nimenakili picha juu ya kumbukumbu, na ya asili ikafutika. Sisi wa kompyuta huwa tunawafokea watumiaji kwa kosa hilohilo.

Nikauliza polepole, "Sasa yake ilikuwa ipi?"

"Yake? Si unaipita kila siku ukienda uani."

Tukatoka. Banda la kuku lina geti la mbao na waya, na geti linafungwa kwa kitanzi cha kitambaa kinachopita kwenye nguzo. Nimelifungua geti hilo tangu nikiwa sekondari. Kitanzi hicho ni tai. Nyembamba, sentimita nane hivi, bila mstari hata mmoja. Kwenye mikunjo, jua lisipofika, bado ina rangi ya buluu iliyokolea.

"Wakati wa kugawa nguo hakuna aliyeitaka," mama akasema. "Mimi nikaona ni kamba nzuri. Inajikaza yenyewe."

Inajikaza yenyewe kwa sababu fundo halijafunguliwa. Mama alikuwa ameipitisha tu kwenye nguzo kama baba alivyoipitisha kichwani, akavuta. Nikachuchumaa pale, kuku wanazunguka miguuni, nikaliangalia fundo. Limekuwa gumu kama kokwa la embe, lakini limelala upande mmoja, na nyuma unaweza kuhesabu. Hatua nne. Kidole gumba changu kilikaa kwenye kibonyeo chini ya fundo, pale anapobana mtu anapokaza.

Lebo imebanduka, umebaki uzi wa pembe nne tu. Uzi mmoja wa pembeni niliuchukua nikauchoma jikoni: kitone kigumu. Poliesta. Ingekuwa hariri jua la Voi lingekuwa limeila zamani.

Nilitaka kuondoka nayo. Mama akakataa. Siyo kwa uchungu, hapana, aliniuliza tu geti atafungia nini. Nikamwambia nitanunua kamba ya nailoni dukani. Akasema kamba ya nailoni anazo, zinateleza. Nikampa achague kati ya zile tatu. Akashika namba 140, hariri, nzuri kuliko zote, nikamwambia hiyo itaoza. Namba 31 ina sufu ndani, ikinyeshewa itavimba. Ikabaki 88, poliesta tupu. Nikaivaa, nikaifunga hatua nne nikiitazama ya baba, nikailegeza, nikaitoa kichwani, nikaipitisha kwenye nguzo. Mama akafungua na kufunga geti mara tatu. Akaivuta kwa nguvu. Akasema, "Haya, chukua."

Ya baba sasa ni namba 215. Mke wangu ameipa msumari wake peke yake nyuma ya mlango. Sikuifua wala sikuifungua. Kwenye jedwali safu ya bei iko wazi, na programu yangu inasema ni ya miaka ya 1980, jambo linalowezekana.

Juzi mama amepiga simu. Namba 88 imelegea, kuku wawili wametoka, na anauliza nitakuja lini kuikaza.